Mahari moja, maana tatu: ndoa ya ukoo wa mama na ukoo wa baba

Binti wa Matombo, Morogoro, anapoolewa na kijana wa Rombo, Kilimanjaro, siku ya harusi hakuna anayekumbuka kwamba pale meza kuu wamekaa watu wawili ambao kila mmoja amekua akijua kuwa mtoto ni wa kwao. Binti ni Mluguru. Ana lukolo lake, ukoo aliourithi kwa mama, na watoto atakaowazaa watakuwa wa lukolo hilohilo. Mtu mzito katika maisha yao ni mjomba. Kijana ni Mchaga. Ukoo wake unapita kwa baba, kihamba cha kwao, yaani shamba la ukoo, kinashuka kwa watoto wa kiume, na kwake jina la mtoto si jambo la kujadili. Wote wawili wana haki kwa walivyolelewa, na hapo ndipo palipo na ugumu.

Waluguru hawako peke yao. Wakaguru, Wazaramo, Wamwera, Wamakonde na Wayao nao kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Upande wa pili wako Wachaga, Wasukuma, Wahaya, Wakurya na wengine wengi wanaohesabu kwa baba. Dar es Salaam imewachanganya wote katika nyumba za kupanga, ofisini na kwenye kwaya, na ndoa za namna hii sasa ni za kawaida kabisa. Wakigombana husemana tabia: huyu mbahili, yule ana kiburi, huyu hanipendi. Mara nyingi tabia haihusiki. Kila mmoja anashika kanuni aliyofundishwa bila kuambiwa kuwa ni kanuni, na hajui kwamba mwenzake ana nyingine.

Tahadhari moja mapema. Usimwoe wala usiolewe na kabila la kwenye kitabu. Dini, shule na mji vimebadilisha mengi: wako Waluguru wanaowagawia mashamba watoto wao wa kiume, na wako Wachaga waliowapa mabinti viwanja. Njia nzuri ya kujua familia fulani inaamini nini ni kuuliza lililotokea, siyo linalosemwa. Babu alipofariki, shamba lilikwenda kwa nani? Mjane wake aliishi wapi baadaye? Shangazi aliyeachika alirudi nyumbani akapewa chumba, au aliambiwa arudi kwa mumewe? Maswali haya matatu, yakiulizwa kwa upole wakati wa kunywa chai, yanaeleza mengi kuliko mwaka mzima wa uchumba.

Sasa tuanze na mahari, kwa sababu hapo kutoelewana huingia kwa mlango wa mbele, mshenga akiwa amekaa na wazee wanatabasamu. Barua ya posa inajibiwa, orodha inakuja: mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la babu, kitenge cha bibi, mbuzi, na kiasi cha fedha. Neno ni moja, mahari, lakini maana ni tatu. Kwa jamii za ukoo wa baba, hasa za wafugaji kama Wasukuma na Wakurya, ng'ombe wa mahari ndio waliowaweka watoto upande wa mume. Bila ng'ombe, mtoto alibaki wa kwa mama yake. Kwa jamii za ukoo wa mama, mahari kwa desturi ilikuwa ndogo, na mahali pengine uzito ulikuwa kwenye kazi: kijana wa Kimakonde alilima kwa wakwe na kukaa kwao. Alichotoa kilikuwa heshima, na hakikuhamisha mtoto. Kwa Mwislamu wa pwani mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Qurani, Sura ya An-Nisaa aya ya 4, inaamuru apewe yeye. Baba akiitia mfukoni amechukua kisicho chake.

Tazama basi kinachotokea. Familia ya Rombo inalipa na kuamini suala la watoto limekwisha. Familia ya Matombo inapokea na kuamini imeheshimiwa, basi. Miaka kumi baadaye ndoa ikiyumba, kila upande unaona mwenzake mwongo. Dawa ni ndogo na haigharimu kitu: siku ya kujibu posa mshenga atumwe na swali moja la ziada, "Kwa nyinyi mahari hii inamaanisha nini kuhusu watoto?" Jibu liandikwe chini ya orodha, na wazee wa pande zote waweke sahihi. Karatasi hiyo haimfungi hakimu, lakini inawafunga wajomba na mashangazi, ambao ndio huanza vita. Wajue pia kwamba Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 41, haibatilishi ndoa kwa sababu mahari haikulipwa au haikuisha. Anayetishia kumrudisha binti kwa deni la mahari anatumia nguvu ya desturi. Sheria haiko naye.

Kwenye hela ningependa tukae zaidi. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zinaendeshwa kwa mmoja kati ya mifumo mitatu, na ndoa mchanganyiko hukutanisha miwili bila kutangaza. Upo mfumo wa matunzo: mume anabeba chakula, mavazi na makazi, na cha mke ni chake. Hii ndiyo imani ya pwani na ya Uislamu kwa jumla, na kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa kinakwenda karibu nayo, kwa kuwa kinamtaka mume amtunze mke kwa kadiri ya uwezo wake, na kinampa mke wajibu huo pale mume asipoweza kujitafutia kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Upo mfumo wa chungu kimoja, ambao wanandoa wengi wa mjini wameusikia kanisani: mishahara yote mezani, kila kitu chetu. Na upo mfumo wa mgawanyo, ambao ndio ulioenea zaidi ingawa hauhubiriwi popote: mume anashika mambo makubwa, kodi, ada na ujenzi, mke anashika ya kila siku, mboga, gesi, sabuni, luku, mchango wa msiba wa jirani.

Mke aliyelelewa kwenye matunzo akiolewa na mume wa chungu kimoja, mume ataona mke anaficha mshahara. Mke ataona mume anamnyang'anya. Wote watasema ukweli.

Lakini mfumo wa kuogopa zaidi ni ule wa mgawanyo, kwa sababu unaonekana wa haki. Fedha ya mume inageuka tofali, bati, kiwanja. Ina risiti, ina hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Fedha ya mke inaliwa. Ikiliwa haiachi alama. Baada ya miaka kumi na mitano yeye amelisha nyumba nzima na hana karatasi hata moja, na mume anasema kwa moyo mweupe, "Nyumba nilijenga mimi." Ukweli ni kwamba aliweza kujenga kwa sababu hakununua unga.

Sheria inalijua tatizo hili kwa kiasi. Kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na fungu jipya, kwa kuwa Mahakama ilihesabu fedha ambazo mumewe aliwahi kumpa kwa ajili ya mradi, zikapotea, kuwa ndizo zilikuwa haki yake. Ila mlango alioufungua umewafaa wanawake waliomfuata. Kenya imeandika jambo hilo wazi katika Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013: kazi za nyumbani, malezi, hata kazi ya shambani vinahesabiwa. Hata hivyo Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema mwaka 2023 kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, mchango unathibitishwa. Kwa hiyo huko na huku, asiye na ushahidi ana kazi.

Hatua za kufanya ni hizi, na zifanywe mkiwa mnapendana. Kila hati ya mauziano ya kiwanja iandikwe majina mawili. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania kinadhani mali iliyo kwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote ni ya wote kwa mafungu sawa. Jina moja la ziada kwenye karatasi siku ya kununua linaokoa miaka ya kesi. Anayenunua chakula atunze meseji za malipo ya simu. Daftari la duka pia linafaa. Na kila baada ya miezi michache badilishaneni: mwezi huu mke anunue nondo na mume aende sokoni. Faida ya pili ya kubadilishana ni kwamba mume atajua bei ya nyanya, na maneno "hela yote niliyoacha imekwenda wapi" yatapungua yenyewe.

Mkichagua kuchangia, msichangie sawasawa kama vipato havilingani. Tuseme mume anapata shilingi 700,000, mke 500,000, na matumizi ya pamoja ni 600,000. Kila mmoja akitoa 300,000, mume anabaki na 400,000 na mke 200,000. Mkigawana kwa uwiano wa saba kwa tano, mume atatoa 350,000 na mke 250,000; kila mmoja ametoa nusu ya kipato chake. Kabla ya hesabu hiyo, tengeni fungu la kutuma kwao, kiasi kilekile kwa pande zote mbili. Nasisitiza hili kwa sababu wanandoa wengi hukubaliana ada na kodi kwa dakika tano, kisha hugombana miaka mingi kwa ajili ya fedha aliyotumiwa mdogo wake fulani kwa siri. Kwa Mluguru, mtoto wa dada ni wa lukolo lake; kumsomesha si hisani. Kwa mume wa ukoo wa baba huyo ni "mtoto wa shemeji" tu. Fungu likiwa na ukomo na likiwa wazi, jambo hili linaacha kuwa kidonda.

Nyumba ni habari nyingine. Kosa kubwa kuliko yote katika ndoa hizi, na nimeshawishika halina mpinzani, ni kujenga nyumba ya kudumu juu ya ardhi ya ukoo wa upande mmoja. Mume Mchaga anajenga nyumba ya tofali za kuchoma Matombo, kwenye shamba la lukolo la mkewe, kwa kuwa mandhari ni nzuri na mkwe amekubali. Mke akitangulia mbele ya haki, mume anagundua kwamba alijenga kwa wajomba. Geuza upande: mke Mluguru anaweka akiba yake ya miaka kwenye nyumba iliyo juu ya kihamba cha baba mkwe. Mume akifa, shemeji wanakaa kikao. Katika hali zote mbili hakuna aliyeiba; ardhi imerudi njia yake. Kama lazima mjenge kijijini, nendeni kwanza kwenye serikali ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya mume na mke pamoja, baada ya ukoo kukubali na muhtasari wa kikao kuandikwa. Ukoo ukikataa, mmepata jibu mapema, na tofali zibaki hazijanunuliwa.

Anayedhani kwamba mwanamume kuwa mwenye nyumba ni maumbile ya dunia aende Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kwa ndugu zetu wa lugha na dini. Huko nyumba ni ya mke. Familia humjengea binti, mume huhamia kwake, na mali ya manyahuli hushuka kwa wanawake kutoka mama hadi binti. Ndoa ikivunjika anayeondoka ni mume. Ni Waislamu, wana masheikh na mahari, na wanaume wao hawajioni wamepungukiwa.

Kwa nyumba ambayo wanandoa wanaimiliki, sheria inatoa kinga ambayo wachache wanaitumia. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina ni la mmoja, na asiye na jina anaweza kusajili zuio kwenye ofisi ya ardhi. Na walioishi pamoja bila cheti kwa miaka 2 au zaidi, wakijulikana kwa watu kama mke na mume, kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kuhusu imani zenyewe, kuna kazi moja ya kisaikolojia inayosaidia kuelewa kwa nini matunzo huwa matamu na mazito kwa wakati mmoja. Mwaka 1996 Peter Glick na Susan Fiske wa Marekani walitoa kipimo chenye kauli 22. Nusu zinapima ukali wa wazi kwa wanawake. Nusu zinapima upole unaomwona mwanamke kama kiumbe safi na dhaifu, wa kulindwa na kutunzwa. Mwaka 2000 wao na wenzao walitoa majibu ya watu zaidi ya 15,000 kutoka nchi 19. Nchi ambako ukali ulikuwa juu, upole huo nao ulikuwa juu. Na katika nchi nne, Botswana, Nigeria, Afrika Kusini na Cuba, wanawake waliukubali upole huo kuliko wanaume wenyewe. Maelezo yao ni kwamba pale ambapo nje ni pakali, mlinzi ndani ya nyumba ana thamani kubwa. Naamini wanawake waliojibu hivyo walikuwa wakipiga hesabu ya maisha yao kwa akili timamu.

Kwa mchumba, swali la kupima matunzo ni hili: nini kitatokea mke akisema hapana? Akipata kazi Mwanza, mshahara wake ukimpita mume, akitaka kusoma jioni, matunzo yanabaki au yanageuka kuwa deni? Mwanamume anayejibu "tutaona" hajajibu. Mwulizeni pia mke mtarajiwa: mume akiachishwa kazi mwaka mzima, heshima yake nyumbani inabaki pale pale? Wapo wanaotaka usawa wa mishahara na bado wanataka mwanamume alipie kila kitu. Hilo nalo lisemwe kabla ya ndoa.

Kazi za nyumbani nitazipitia haraka. Chukueni daftari, kwa siku 7 kila mmoja aandike alichofanya na dakika alizotumia: kuteka maji, kupika, kuogesha watoto, kufuata mtungi wa gesi, kukaa na mgonjwa. Andikeni pia kazi za dada wa kazi, maana nyumba nyingi za mjini hazijaelewana kuhusu kazi. Zimemtwika binti wa watu. Mume anayesaidia hufanya vizuri mpaka mama mkwe afike. Hapo huacha sufuria ghafla, kwa hofu ya kuambiwa amelishwa limbwata, na mke huona amesalitiwa mbele ya wakwe. Mwana ndiye amwambie mama yake, kabla hajapanda basi, kwamba kwenye nyumba hii baba hupika Jumapili. Akisema mke, imekuwa ubishi. Vilevile mke afundishwe adabu za ukweni mapema: Msukuma anatazamia mke apige magoti akisalimia wazee, na asiyejua ataitwa mwenye kiburi siku ya kwanza kabla hajafungua begi.

Katika hili naona kitchen party imetuangusha. Kungwi na somo wa pwani wamesambaa nchi nzima, bibi harusi anafundwa jioni nzima, avumilie, atunze, anyamaze. Bwana harusi anafundwa na nani? Jando lilikuwa na waalimu wake, na mji umeliacha bila kuweka kitu badala yake. Sheria za kazi nazo zinafundisha kimyakimya: Tanzania mama ana likizo ya uzazi ya siku 84, baba siku 3. Uswidi wazazi wana siku 480 kwa mtoto, na kati ya hizo kila mzazi ana siku 90 zake ambazo haziwezi kuhamishiwa kwa mwingine. Waswahili wanaoolewa huko hushangaa mume kubaki na mtoto miezi mitatu, kisha baada ya muda hushangaa kwamba walishangaa.

Mtoto ndiye anayebaki. Wanandoa wakiachana, kifungu cha 125 kinataka maslahi ya mtoto yatangulie, kinadhania kuwa aliye chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, na kinamwambia hakimu azingatie pia mila za jamii ya wazazi. Mila za jamii ipi, kama wazazi wana mbili? Hapo karatasi ya mshenga, ile yenye jibu kuhusu watoto, inaweza kusaidia kuonyesha wazazi walikusudia nini.

Kifo ni kigumu kuliko talaka. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilitungwa kwa ajili ya makabila ya ukoo wa baba, na zinasema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mwanza, alikataa kanuni ya Kihaya iliyomzuia mwanamke aitwaye Holaria Pastory kuuza ardhi aliyorithi, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliona Tanzania imevunja haki za wajane wawili Wasukuma wa Shinyanga waliotolewa kwenye nyumba zao kwa kanuni hizo. Kanuni bado zinaumiza watu.

Kwa hiyo andikeni wosia, kila mmoja wake, mwaka wa kwanza wa ndoa. Kwa kanuni hizo za mila anayejua kusoma anahitaji mashahidi wasiopungua 2 wanaojua kusoma na kuandika, asiyejua 4, na mke aliyepo nyumbani siku hiyo naye ashuhudie. Mwislamu atazingatia kwamba wosia wake hauvuki theluthi moja ya mali na mirathi iliyobaki ina mafungu yake. Tajeni kila kiwanja kwa mahali na mipaka yake, tajeni nani alichangia nini, na mpeleke RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambako wosia huhifadhiwa. Kisha mwambieni mjomba mmoja wa Matombo na baba mdogo mmoja wa Rombo kwamba wosia upo, na uko wapi.